Ulipouliza Nani Atapokea

Chanji, Sumbawanga
Jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Anselmi,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo, mwanangu? Kifua kinaendeleaje? Asubuhi nilikusikia ukikohoa uani, nikataka kukuuliza kupitia dirishani, nikashindwa. Ndipo tulipofika mimi na wewe: mama anamjulia hali mwanawe kwa barua, na mwana mwenyewe analala chumba cha pili. Mimi mwili haujambo. Mengine utayasoma.

Umetoka kwenda kuwaaga washikaji wako. Mdogo wako Tekla yuko kwa jirani anasukwa, nami nimechukua kalamu yake ya shule. Nikimaliza nitaiweka barua hii kwenye mfuko wa koti lako. Najua baridi ya alfajiri ya huku kwetu: gari halitafika mbali kabla hujatia mikono mfukoni.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji ya ziwa. Hayo unayajua, na usipoyajua mbu wa huko uendako Kipili watakufundisha. Wala siandiki kukuzuia. Yule fundi Fredi wa huko amekubali kukufundisha kutengeneza injini za boti, na huo ni ufundi, mtu anakula kwa mikono yake. Nenda, baba. Lakini jana Tekla alinijia jikoni akaniambia, "Mama, kaka ametoa picha yake ya kipaimara ukutani." Nikaenda kuangalia. Pale ilipokuwa, rangi ya ukuta imebaki ya zamani, mraba mdogo msafi, na kwingine kote moshi. Nilisimama pale mpaka maharage yakaungua. Mtu anayekwenda kutafuta riziki halafu arudi, haondoki na picha yake.

Kwa hiyo naandika. Kwa mdomo nimejaribu mara nyingi tangu urudishe mkoba wa bima, na kila nikijaribu unatoka kilio badala ya maneno, na wewe ukiona machozi unaondoka.

Nianze mbali kidogo. Unakumbuka siku uliyorudi kutoka kwenye mafunzo ya kampuni ya bima? Ulikaa kwenye kigoda pale jikoni, tai umeilegeza, ukaniambia wazi, "Mama, usije ukawaambia watu nimeajiriwa. Hii kazi haina mshahara. Nikimkatia mtu bima napata kamisheni, nisipomkatia sipati hata nauli ya kurudi nyumbani."

Nikakujibu, "Nyamaza wewe. Nani atakuuliza mshahara? Wewe vaa tai."

Jumamosi yake kwenye jumuiya, tulipomaliza sala na yakaja matangazo, nikasimama. Nikasema namshukuru Mungu, mwanangu ameajiriwa na kampuni ya bima. Wakapiga vigelegele. Mama Paskalia akasema, "Sasa Gaudensia hatutamsogelea kwa manukato," watu wakacheka, nami nikacheka zaidi ya wote. Ulikuwa umesimama mlangoni na shati nililokupigia pasi. Uliangalia chini. Niliona, nikajiambia ni haya ya kijana.

Nimekaa nikafikiria, Anselmi. Uliniambia ukweli siku ya kwanza kabisa, nami nikaufunika kwa tai. Mjane aliyeishia darasa la saba, anayeuza unga sokoni, akipata siku moja ya kusema mwanangu ana kazi ya ofisini, anaikumbatia hata kama ina miba. Lakini miba ilikuchoma wewe. Kila ulipotaka kusema kazi hii hailipi, ulikuwa unapambana na kampuni na unapambana na mama yako.

Na ulitembea. Nani anajua kama mimi ulivyotembea? Mizwilo, Majengo, Kizwite, mpaka soli ya kiatu cha kulia ikafunguka mdomo. Jioni ulikuwa unatuchekesha ili tusikuone umechoka. Ulituigiza yule mzee wa Kiislamu wa duka la vipuri, namna alivyokuagizia soda kwanza, akakusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kijana wangu, lori langu nalikatia bima kwa sababu lori halina Mungu. Mimi ninaye." Tekla alicheka mpaka akamwaga chai. Ukatuambia na vijana wa kijiweni wanavyokupigia kelele ukipita, "Bima! Bima! Leo nani amekufa?" Hapo wewe ulicheka. Mimi sikucheka.

Mwezi ulipokaribia kuisha na hujapata mtu, ni mimi niliyekuambia, "Twende kwetu Kate. Huko wananijua." Ulisita. Ukasema, "Mama, wale ni ndugu." Nikasema ndiyo maana. Nilikubembeleza siku mbili. Sikiliza hilo tena, maana nadhani umelisahau katika kujilaumu kwako: hukutaka kwenda Kate. Nilikupeleka mimi.

Tulifika kwa mjomba wako Ladislaus siku ya Jumapili, watu wametoka kwenye misa. Ulichuchumaa ukapiga makofi taratibu kama nilivyokufundisha, ukawasalimu wakubwa mmoja mmoja, na kaka yangu akafurahi, akasema, "Huyu si mtoto wa mjini huyu, amelelewa." Kisha ukaeleza. Ulieleza vizuri, Mungu ni shahidi. Ulisema mara mbili kwamba kuna muda wa kungoja, kwamba mtu akiugua akafa kabla ya miezi ile kutimia, hakuna malipo. Mara mbili. Nilikuwepo. Nao waliitikia "ehee, ehee" kama tunavyoitikia mahubiri, kila mtu akiwaza shamba lake.

Halafu ukafika kwenye lile swali. Ukamuuliza, kwa heshima zote, "Mjomba, siku ukiondoka duniani, nani atapokea?"

Ungo wa wifi yangu Yustina ulisimama. Alikuwa anapepeta ulezi wa mwaka jana pembeni, na mlio ule ukakatika.

Kwetu mtu mzima haulizwi hivyo. Mgonjwa aliyekwisha kukata kauli bado tunamwambia utapona, msimu ujao utalima. Mzee akianza mwenyewe kusema shamba la mtoni nampa fulani, tunamkatiza: acha hayo, baba, kula kwanza. Kifo cha mtu hatukitaji mbele yake, na hasa mbele ya mkewe, na hasa kabla ya mavuno. Wewe umekulia hapa Chanji. Swali lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi za kazi yako, lazima uliulize, ukaliuliza. Mimi nimezaliwa pale pale, ua ule ule. Nilijua. Kulikuwa na nafasi ya kusema, "Subiri, mwanangu, hilo niachie mimi nimuulize kaka yangu tukiwa wawili, kwa njia yetu." Yangekuwa maneno machache tu. Sikuyasema, kwa sababu kaka alikuwa ameshashika kalamu, na nilitaka uuze.

Mjomba wako alicheka. Mungu amlaze pema, alikuwa mtu wa kucheka. "Mpwa wangu, hata ulezi sijavuna unanizika?" Watu wakacheka kwa kupumua. Akasema, "Andika huyo aliyeacha kupepeta ili asikie vizuri." Yustina akaanza tena kupepeta, kwa nguvu.

Na kabla ulezi haujavunwa akafa. Tumbo lile lile lililokuwa likimsumbua tangu zamani, ambalo hakuna aliyelitaja siku ile, hata mimi. Muda wa kungoja haukuwa umetimia.

Ya msibani naomba niyaseme upesi, maana hapa ndipo mkono unaponiwia mzito. Uliingia uani na shati jeupe, umekuja kumlilia mjomba wako kama mtoto yeyote. Yustina akainuka kwenye mkeka. Akakunyooshea viganja vyote viwili mbele ya watu. "Uliuliza akifa nani atapokea. Haya. Amekufa. Nimekuja kupokea, nipe."

Nyuma nikasikia mtu anasema, "Kifo kikiitwa kinasikia," na mwingine akaitikia, "Na aliyekiita si huyo hapo?"

Nilikuwa jikoni kwenye masufuria makubwa, nasonga ugali wa msiba. Nilikuona umesimama katikati ya ua peke yako, watu wamekuachia duara kama unavyoachiwa moto. Umbali wa kukufikia ni kama wa kutoka hapa hadi bombani. Niliendelea kusonga, Anselmi. Mwiko wangu haukusimama. Nilijiambia namheshimu mfiwa, nilijiambia ugali utafanya mabonge. Mtu akitaka kubaki jikoni hakosi sababu.

Tukarudi mjini, na maneno yakawa yametutangulia. Ukibisha hodi, mtoto anatumwa kusema mama hayupo, na mama kikohozi chake kinasikika ndani. Mama Paskalia aliniambia mbele ya grosari, "Shoga yangu, nakupenda, lakini mwanao asije akaniuliza lolote. Mimi bado nina mahindi shambani." Akacheka ili nicheke. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka.

Kisha ikaja ile Ijumaa. Yule kiongozi wenu wa ofisini alikuwa amekuambia usipoleta mtu mwezi ule jina lako linatoka. Ulinijia nikiwa nachambua mchele. Ukakaa kwenye kile kile kigoda. Ukasema polepole, kama mtu anayetembea kwenye utelezi, "Mama, nikukatie wewe. Kidogo tu. Ukikubali wewe, watu wataona hakuna kitu. Wataona mama yangu mzazi haniogopi."

Sasa nisikilize. Maneno niliyokujibu unayajua: nilisema nina Tekla wa kulea. Lakini hayakuwa maneno yaliyokuumiza. Kabla sijafungua mdomo, mkono wangu ulipanda wenyewe kwenye paji la uso, ukashuka kifuani, ukaenda begani. Nilifanya ishara ya msalaba. Mbele yako. Kama mtu aliyekutana na kitu njiani jioni.

Uliuona mkono wangu. Nilikuona ukiuona. Ukafunga zipu ya mkoba, taratibu, mpaka mwisho, ukasema, "Sawa, mama."

Jumatatu ukarudi saa za mchana huna tai.

"Mama, nimeacha."

"Umeacha nini?"

"Kazi."

Nami, badala ya kuanguka miguuni pako, nikasema lile neno. "Kazi gani? Kwani ulikuwa na kazi?" Mimi! Mimi niliyesimama kwenye jumuiya nikashukuru. Nadhani niliona afadhali uwe mvivu kuliko mimi niwe mama aliyemwogopa mwanawe.

Tangu siku hiyo unakula kwangu kama mpangaji. Asante, mama. Shikamoo, mama. Usiku mwema, mama. Adabu zako zote zimebaki, na wewe haumo.

Nimekwenda kuungama. Nilidhani padre atanipa sala nizisali, nikitoka nitembee wepesi. Akaniambia, "Mama Gaudensia, hilo umeniambia mimi, na mimi hukunikosea. Mwambie yeye." Nimetembea nalo hilo. Kila jioni nasema leo, ukiingia nasema kesho. Sasa kesho zimeisha, kesho yenyewe ina gari.

Alhamisi iliyopita nilikuambia nakwenda kutafuta unga Laela. Nilikudanganya, nilikwenda Kate. Nilimkuta Yustina anafukia nyasi kwenye matuta peke yake, ile kazi waliyokuwa wakiifanya wawili. Nikachukua jembe lingine. Tulifukia matuta kadhaa. Kisha nikasema, "Wifi, mtoto hakutaka kuja. Nilimleta mimi. Na lile swali nilijua halifai, nikaliacha lipite. Kama kuna wa kunyooshewa viganja, mimi hapa."

Hakulia, hakunikumbatia. Alisema, "Ladislaus alikuwa anaumwa tumbo kabla hujaolewa wewe. Najua. Lakini nilikuwa natafuta mtu wa kumshika." Tukafukia tena. Nilipoaga nikamuuliza nikuambie nini. Akasema, "Mwambie asije bado."

Bado, mwanangu. Nimelibeba neno hilo kutoka Kate kama yai.

Kuna jambo jingine ambalo hukuniambia, nimelisikia kwa watu. Siku uliyorudisha mkoba hukuja nyumbani moja kwa moja. Ulizunguka kwa kila mtu uliyemkatia bima, hata wale wa Majengo waliokuwa wakikufungia mlango, ukamwambia kila mmoja sasa aende kwa nani ofisini, na ukimaliza unamwambia asante kwa kuniamini. Yule mzee wa vipuri ndiye aliyenisimulia, na hakuwa hata mteja wako, ulipita kumuaga tu. Alisema, "Vijana wakiacha kazi wanazima simu. Wako amekuja kunipa mkono." Nikasimama dukani kwa watu nikalia, wakaniletea kiti.

Mimi niliacha mambo mengi maishani mwangu, Anselmi, na yote niliyaacha kwa kunyamaza. Niliacha shule kwa kutokwenda. Niliacha kwaya kwa kuchelewa hadi wakanizoea. Wewe uliacha kwa miguu yako, mlango kwa mlango. Huko uendako kama injini nazo zitakukataa, ziache hivyo hivyo. Na mtu akikuambia hapo Kipili, "Nipeleke kwenu, nitumie jina lako nipate wateja," mkumbuke mama yako na safari ya Kate, umnyime. Wanaotuamini ni wachache, na wanauma wakiumizwa.

Sikuombi unisamehe kwenye gari. Gari lina vumbi na watu. Naogopa tu. Kutoka Kipili maboti yanakwenda ng'ambo ya ziwa, na kijana mwenye uchungu akivuka mara moja anavuka na ya pili. Naogopa siku nitakapouliza habari zako kwa wachuuzi wanaoleta samaki wa migebuka kutoka huko na wao waulizane, "Anselmi yupi?"

Kwa hiyo nafanya nililopaswa kufanya ile Ijumaa. Sina karatasi za kampuni, na wewe huna tena mkoba, hakuna wa kupata kamisheni hapa. Lakini uliniuliza, na swali la mtoto halilali nje. Nakujibu, na mkono wangu wa kulia uko kwenye kalamu, haupandi kwenye paji la uso.

Mimi Gaudensia, mama yako, nitakufa. Nalisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla ya mavuno, na ulezi wangu bado uko shambani. Siku nitakapokufa, atakayepokea ni Anselmi. Hakuna hela. Atapokea mwili wangu mlangoni. Atapokea mikono ya watu wanaokuja kutoa pole. Atapokea ule udongo wa kwanza autupe yeye, kabla ya kaka zangu, kabla ya mtu yeyote. Tekla nimemwambia, na Mama Paskalia nimemwambia leo mchana mbele ya grosari pale pale, kwa sauti. Alishika mdomo. Akasema, "Gaudensia, unajitabiria!" Nikamwambia, "Najibu swali la mwanangu."

Umeona? Nimeshaandika, na bado napumua, na maharage mengine yako jikoni yanachemka.

Ila mpokeaji lazima awepo, mwanangu. Mpokeaji asiyejulikana aliko, anapokeaje? Ondoka na picha yako, sawa. Ule mraba ukutani sitaupaka rangi wala kuuwekea kalenda.

Nasikia geti, nadhani ni wewe. Nakunja.

Dereva wa gari la kesho anarudi Sumbawanga siku inayofuata, na ananijua, anachukua unga kwangu. Mpe jibu. Hata kwenye kipande cha boksi la sabuni, hata neno moja, hata kama neno lenyewe ni "bado". Nitakuwa stendi namsubiri. Nijibu upesi, Anselmi.

Mama yako,
Gaudensia